Jina Linalopita

Filamu ikiisha watu husimama upesi,
wanapapasa funguo za gari, viatu vya watoto.
Sisi tulikatazwa. Mama alitubana mapaja
pale Ruwi, safu ya nne, bisi zikipondeka chini ya miguu,
mpaka wapite wapishi, madereva, mafundi umeme,
ndipo aje baba: Muziki, Thuweini Mahruki.
Sekunde mbili.
Mwaka mmoja walilikosea, wakaandika Thureini.
Alicheka hadi kwenye gari, kisha akanyamaza.

Alitungia chumba cha nyuma, Al-Khoudh,
magodoro kayasimamisha ukutani yameze mwangwi,
udi wa babu, kinanda chenye kitufe kimoja bubu.
"Chumvi," alituambia, "hutajwa ikizidi."

Ile filamu ya falaji iliyokauka,
mwongozaji alitaka fidla arubaini mzee anapokufa.
Baba akampa mngurumo wa kiyoyozi
aliourekodi hospitali, usiku ule wa bibi,
na chini yake noti moja ya udi, inasita, inasita.
Ukumbi mzima ulilia.
Mama peke yake alijua analia nini.
Malipo yakanunua friji.

Siku hizi sikio la kulia limekufa,
la kushoto linachagua.
Jioni tunamwashia runinga, sauti tumeizima;
anatazama, kidole kikigonga goti.
Mwanamke fulani kwenye kioo anafunga mlango.
Kidole kinasimama.
"Hapa," anasema, "hapa
nisingeweka kitu."