Paa la Kipeuo

Wiki ya kwanza ya kuijenga wiki
nilicheka peke yangu, neno moja kunibebea mizigo miwili:
siku saba, na kurasa ambazo yeyote shuleni
anazifungua na kuongeza anachokijua.
Seva yetu ni kompyuta kuukuu juu ya kabati la maabara.
Inavuta vumbi jekundu la Arua
na kunywa umeme wa sola kama mgonjwa, kijiko kwa kijiko.

Historia ilikaa vizuri. Baiolojia pia,
hata lile figo alilolichora Ayikoru kwa rangi ya zambarau.
Hisabati ndiyo iliyofika imevunjika:
fimbo zimeegemea upande usio wao,
mabano yamejikunja,
na kikofia kidogo kinaelea, hakina kichwa.
Nikazifuta fimbo. Nikavifuta vikofia. Nilidhani ninafagia.
Kila kipeo kikashuka, kikapanga foleni mstarini na wenzake.

Ndivyo tano mraba ilivyokuwa hamsini na mbili.

Sikujua mpaka mtihani wa majaribio.
Afeku wa kidato cha pili, mtoto wa fundi baiskeli wa Oli,
alichukua hamsini na mbili,
akajumlisha mia na ishirini na mbili,
akakitafuta kipeuo cha mia moja sabini na nne
kwa mkono, ukurasa mzima, mpaka desimali ya nne:
13.1909.
Jibu ni kumi na tatu.
Alifika mlangoni kabisa, na mimi
nikamwekea sifuri nyekundu.
"Mwalimu," alisema, wala hakupandisha sauti,
"nimesoma ulichoandika."

Programu-jalizi: jina refu
kwa kitu kidogo cha kujaza pengo.
Nililiandika usiku, shule ikiwa na popo tu,
nikiiambia mashine kwa lugha yake
yale ambayo lugha yangu ilikwisha kuniambia:
kiasi kikae juu, asili ikae chini.
Hapo nikaacha kuandika kidogo.
Asili ndiyo inayobeba. Ikiwa sifuri,
hakuna kitakachosimama juu yake.

Kipeo na kipeuo, u moja tu
kati ya kupanda na kurudi ulikotoka.
Saa nane za usiku niliibandika u mahali si pake,
ukurasa wote ukawa mweupe,
nami nikaisaka herufi hiyo hadi jogoo wa mlinzi akachoka kuwika.

Wiki ya sita ya wiki, sehemu zilisimama.
Vipeo vilipanda, vidogo, vimetulia begani.
Lakini paa la kipeuo lilikuwa fupi:
b mraba ndani, mkavu;
toa nne a c nje, analowa.
Na mvua ya kweli ilikuwa inapiga mabati ya maabara,
betri imebaki mstari mmoja.

Ayikoru alikuja kuchukua mwavuli wake.
Akaitazama skrini, mdomo umejaa njugu.
"Umekata bati kabla ya kupima nyumba," alisema.
"Mjomba angekufukuza kazi.
Pima kwanza walio ndani."

Mistari mitatu ya msimbo, basi.
Pima upana wa walio ndani, kisha chora paa.
Paa likanyooka, likamfunika c,
likazidi kidogo, kama baraza.
Kisha betri ikakata roho,
tukabaki gizani sote wawili tukijua
kwamba limekaa.

Jumatatu nilimwita Afeku.
Alisogeza uso karibu na kioo, akaigusa ile mbili ndogo
kana kwamba ingedondoka.
"Hii sasa ni tano mraba."
Hakusifu. Alifungua daftari.
"Na alama zangu mbili?"

Nikachukua kalamu nyekundu.
Nikaiandika 2
kubwa, chini, mstarini kabisa,
isije ikasomwa kama kipeo.