Mti wa Bei Nusu

Tuliununua Julai, kitalu cha nje ya Dargaville,
kaskazini ya Nyuzilandi, mvua ikinyesha ubavu.
Mti mmoja, majina matatu: limau, ndimu, chenza,
kila jina limefungwa kwa waya kwenye tawi lake
kama kibandiko mkononi mwa kichanga hospitalini.
Bei ilikatwa nusu. Muuzaji, mtu mkweli,
alinionyesha sababu kabla sijauliza:
tawi la chenza, kijiti cha unene wa penseli,
halina hata jani.
Luka, miaka saba, akasema, "Hilo langu."

Ante alichimba. Bi Wikitoria aliamuru juu ya ua:
"Usizike kovu! Pale walipoungwa paone mwanga.
Na kinyonge kitazame kaskazini" —
huku kwetu jua hupitia kaskazini —
"mwenye nguvu atajitafutia mwenyewe."
Tukatandaza nyasi kavu, kiganja kimoja mbali na shina,
lisije likaoza kwa kupendwa.

Usiku wa jalidi tuliufunika kwa shuka la maua.
Ante, akirudi kutoka kwenye raga na bia zake nne,
aliusalimia, akauomba radhi kwa kuchelewa.

Limau halina haya. Kufika Septemba
lilikuwa limenyoosha viwiko juu ya wenzake.
Nililipogoa, mkasi nimeuchoma kwa moto wa jiko,
nikachuma na vitunda vyote, vidogo kama mbaazi,
maana tunda la mwaka wa kwanza ni mkopo
na mizizi ndiyo hulipa.
Nilivitia mfukoni mwa aproni. Sikuweza kuvitupa.

Kisha Luka akaja mbio: chenza limeamka!
Chipukizi, kijani cha kung'aa, limesimama wima.
Alilipima kwa rula kila asubuhi,
akaandika nyuma ya daftari la hesabu:
nne. Saba. Kumi na moja na nusu.
Alimwambia mwalimu. Alimwambia bibi yake kwa simu.

Mimi hufanya zamu ya usiku, kiwanda cha maziwa ya unga.
Alfajiri moja, nywele zikinuka maziwa,
nilichutama nikalitazama vizuri.
Miiba. Na kila jani limegawanyika vijani vitatu.
Nikalifuata kwa kidole, chini, chini,
nikapita kovu.
Halikuwa chenza.
Lilikuwa shina la chini, mchungu-mwitu,
lile linalowanywesha wote
na halikuandikwa kwenye waya wowote.

Ningeweza kulivunja kabla hajaamka,
niseme ni upepo.
Upepo wa Kaipara umebeba lawama kubwa kuliko hiyo.
Nilichemsha chai. Nilisubiri.

Alinisikiliza na rula mkononi.
"Kwa hiyo huyu ndiye anawabeba?"
"Ndiye."
"Na tunamvunja?"
"Tukimwacha atawameza."
Alifikiri mpaka chai yangu ikapoa.
Nikamwonyesha: usikate, ukikata watarudi wawili;
bana penye mzizi wake, vuta upande.
Lilitoka kwa sauti ya ukucha.
Hakulia. Alilipanda kwenye kikopo cha mtindi,
likanyauka kufika Alhamisi.

Jioni ile aliomba waya.
Akafunga kibandiko cha nne, chini kabisa,
kwa kalamu ya nta: YEYE.

Nimekwaruza chenza kwa ukucha, palepale padogo:
ndani bado kijani. Nikamwita Bi Wikitoria.
"Kijani si ahadi," alisema. "Ni kijani tu.
Mwagilia."

Leo nimerudi, nimemwaga ndoo mbili, polepole,
nikasoma vibandiko juu hadi chini
kama mwalimu anayeita majina darasani.
Watatu wameitika.
Sijafunga rejista.