Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima, alisema mama,
lakini mama hakuwahi kununua jembe
lililokataa mpini.

Mashine yangu ya kudarizi ina sindano sita
na tundu moja la waya, pana kama pengo la meno,
la zama zile kompyuta zikiwa nzito kama mawe ya kusagia.
Niliinunua kwa mjane wa Broughty Ferry,
tukaipandisha ngazi za Hilltown hadi ghorofa ya tatu,
mimi, Nadhiru na jirani yangu Fergus,
kila kona tukitukanana kwa adabu.
Miaka tisa imenishonea kofia:
za harusi za Glasgow, za Idi ya Aberdeen,
moja ya mpiga zumari aliyetaka ua la mbaruti kandokando.

Oktoba, Dirisha likaniandikia:
mfumo wako umezeeka, hatutaulinda tena.
Kana kwamba mimi ndiye niliyeuzaa.

Fergus akasema, Tofaa. Wachoraji wote wanaling'ata.
Dukani, kwenye mwanga mweupe usio na kivuli,
nikachora kiua kwa kidole, kikachanua.
Nikauliza: na waya wangu utaingia wapi?
Kijana akaligeuza lile bamba, jembamba kama chapati ya maji,
upande huu, upande ule:
matundu mawili, madogo kama macho ya mchwa.
Bei sikuiuliza mara ya pili.

Nadhiru, asomaye kuunda michezo, akasema, Pengwini.
Bure, shangazi, na ndani yake kuko wazi
kama jiko la msibani, kila mtu aingia na mwiko wake.
Usiku kucha akaandika amri nyeupe gizani.
Alfajiri programu ya kuchora ikafunguka, laini,
nikapiga vigelegele hadi wa chini wakagonga dari.
Kisha tukachomeka mashine.
Kimya.
Sindano sita zikatutazama kama wakwe.

Mji huu uliwahi kufuma magunia ya dunia.
Makumbusho nimeona kitanda cha mfumi,
chuma chake kimelika pale kilipokaa kiganja.
Mwanamke fulani hakukichagua, alikizoea,
nacho kikamla masikio.
Mfumo endeshi. Nimelitafuna neno hilo
ndani ya basi la Lochee, kwenda na kurudi:
humo, nani anamwendesha nani?

Nikaanza upya, safari hii toka nyuma.
Niliiuliza sindano kwanza: wewe unamsikia nani?
Ikajibu: yule mzee tu.

Mzee nimembakisha. Nimemkatia mtandao,
hapokei wageni, hatoki, hazungumzi na mtu
ila mashine, kwa lahaja yao ya ndani.
Pengwini amekaa dirishani, upande wa mto Tay,
kwake ndiko ninakochora.
Na kati yao napita mimi, flashi mkononi,
hatua nne za zulia,
mara kumi na mbili kwa siku, thelathini Idi ikikaribia.

Fergus ananicheka. Nadhiru anasema ipo njia,
nimpe wiki mbili tu. Huu mwezi wa tano.

Jana kofia ilitoka
na jicho moja limeshonwa kombo, juu ya sikio la kushoto.
Kosa si la Mzee wala la Pengwini.
Chai ilikuwa inachemka,
nikasahau kuhifadhi.