Gauni la Mzuka

Shekuwe anataka mzuka.
Mzuka wa kizungu, anasema, wa enzi za yule malkia mjane
aliyevaa nyeusi miaka arubaini:
kola hadi kidevuni, kiuno cha nyigu,
mkia wa gauni ukifagia ngazi za Ngomeni
huku karabai zikizimwa mojamoja.
Onyesho ni Alhamisi. Bajeti ni elfu sita.

Nimefungua robota la mitumba la Langoni.
Gauni la arusi la satini, mgongo umeungua pasi.
Pazia la mahameli, rangi ya zambarau iliyoiva;
hilo litafaa mikono iliyofura mabegani.
Lesi ya kitambaa cha meza.
Vifungo thelathini na vinne vya nyuma.
Nimevihesabu, maana ni mimi nitakayevifunga gizani,
Somoe akitetemeka, akinuka jasho na asumini.

Ili sketi isimame nilikata bomba la maji, pete saba.
Ikasimama kama tenga la kuku.
Tukaijaribu kichochoroni, Mkomani:
punda akaja, punda akaitazama,
punda akarudi kinyumenyume. Sketi ikakwama
baina ya kuta mbili za matumbawe,
Somoe ndani yake akicheka
hadi chelewa za korseti zikavunjika, tatu kwa mpigo.
Nikasema: mzuka asiyepita njia zetu
atamtisha nani?

Nikapanda kwa Bi Mwanatenge, nyanyake mume wangu,
kuazima sindano nene ya kushonea magodoro.
Akalivuta gauni begani pangu, akalipapasa.
"Mato yamefunga, vidole vyaona.
Yeo hii ndiyo nguo ya kutisha watu?
Zama wazungu wakivaa tenga hilo,
wake wa huku walitoka kwa shiraa."

Shiraa naijua, nikamwambia:
hema la nguo, nyumba itembeayo,
mwungwana ndani haonekani hata kisigino.

"Hema halisimami lenyewe," akasema.
"Miti yake ilishikwa na nani?"
Akakata uzi kwa meno, akanyamaza.

Nikashuka na swali hilo
kama pini iliyosahaulika kwenye pindo.
Wajakazi, mbele na nyuma, mikono juu,
kaniki kifuani, jua utosini.
Majina yao sikuuliza. Nani angenijibu?

Usiku nikatandika vyote sakafuni.
Nyeusi ya mjane ni nyeusi ya kununuliwa,
huja na utepe, huja na barua zenye ukingo wa wino.
Kaniki ni buluu iliyozama
hadi ikadhaniwa nyeusi.

Basi Shekuwe, usinikasirikie.
Bibi wa nyumba atavaa mahameli, kola, mikono ya pazia,
vifungo vyake vyote.
Pete nimepunguza, zimebaki nne; atapita mlangoni kwa ubavu.
Lakini yeye siye mzuka.
Mzuka ni yule anayesimama nyuma yake,
kaniki ya shilingi mia tano, miguu mitupu,
mikono juu, ameshika miti miwili
isiyobeba kitu.
Usimpe taa. Usimpe neno hata moja.
Mwache asimame hadi watu wa safu ya mbele
wahisi mikono yao wenyewe inauma.

Chenji ni mia tisa na hamsini.
Nyingine nimenunulia uzi wa buluu.