Vidole Vinne

Jumamosi, kampi ya wafanyakazi, Lubumbashi.
Shuka jeupe limepigiliwa misumari ukutani mwa kantini,
projekta inakohoa kama wazee wa tanuru,
na huyo anatokea, Nungu Kabuti:
koti linafagia chini,
miiba imelitoboa mgongoni,
hasemi neno, maana maneno ya nini
mtu akiwa na nyusi kama zile?

Mimi sikutazama nyusi.
Nilihesabu vidole.
Vinne huku, vinne kule.
Nikamvuta baba mkono wa kushoto,
ule uliolipa tanuru kidole kimoja
mwaka niliozaliwa,
nikapaza sauti, benchi lote likasikia:
"Baba, kumbe huyu ni ndugu yako!"

Watu walicheka hadi utepe ukakatika.
Baba alikaa kimya kidogo.
Kisha akauinua mkono mbele ya mwanga,
kivuli chake kikapunga pale shukani
palipokuwa na Nungu.

Tangu hapo daftari la mshahara liliandika Musenge,
lakini kampi nzima ilimwita Kabuti.
Waliopungukiwa walisalimiana kwa vinne, bila kuficha mfukoni.
Vijana wa Katuba wakashonesha makoti ya kuburuza,
wakayavaa Oktoba, jua likipasua mabati,
jasho likiwatiririka, heshima iko palepale.
Na Kaumba mchoraji akamtawanya Nungu mjini:
mlango wa baa, kinyozi, duka la dawa,
hata kwa fundi wa majeneza,
pale ameshika nyundo, amenuna.

Wanasema alizaliwa ng'ambo,
mezani kwa mtu asiyejua Katuba iko upande gani.
Inawezekana.
Lakini mtoto wa jirani akishinda kwako kila siku,
utamnyima bukari?

Bomba kubwa likaacha kutoa moshi.
Kantini ikawa ghala la makala, kisha kanisa.
Lile shuka sijui lilimfunika nani.

Baba alipofariki nilimpelekea Kaumba picha ndogo ya kitambulisho,
amchore kwenye ubao wa kaburi, kifua na mikono.
Alichora vizuri. Koti, tabasamu la upande,
na mkono wa kushoto, vidole vitano, vimenyooka.
"Marehemu arudishiwe deni lake," alisema,
akipangusa brashi kwenye suruali.

Niliutazama mkono ule mgeni.
Nikamwambia, futa kimoja, mzee.
Huyu hatutamjua.