Gunia Ndani ya Bomba

Mita ya ukutani inasoma mia nne ishirini na nne.
Mwezi uliopita ilisoma mia nne kumi na mbili.
Kumi na mbili, basi. Mita za ujazo.
Nikauliza: mita ya ujazo ndiyo nini kwenye sufuria?

Hokororo, kijana anayesoma mita hapa Chikongola,
akavua kofia, akaomba maji.
"Mama Nambunga, gesi usiihesabu kwa unene wake.
Kwa joto hili la Mtwara imevimba kama unga wenye hamira.
Toa uvimbe kwanza: zidisha kwa sufuri nukta tisa tano."
Nikazidisha nyuma ya kalenda ya chama cha korosho.
Kumi na moja nukta nne.

"Kila moja ina megajuli thelathini na nane, kadiri ya hapo."
Mia nne thelathini na tatu, na chenji.
"Gawa kwa tatu nukta sita, upate uniti kama za Luku."
Mia na ishirini.
Akamaliza maji, akaona na kazi imekwisha.

Haijaisha, mwanangu.
Mimi nimeuza mkaa miaka kumi na tisa.
Najua kopo, najua debe, najua gunia la lumbesa.
Megajuli sijawahi kuipima kwa mkono.

Akakuna kichwa. Gunia moja, akasema, lina zaidi ya elfu.
Elfu! Nikacheka: kumbe mkaa ndio mwenye nguvu.
"Ndiyo, ila sehemu nne kati ya tano
zinapasha ukuta, na paka, na macho yako."
Kinachoingia chunguni: mia mbili na kitu.
Na gesi? Nusu na ushee huingia.
Mia mbili na kitu.

Tukatazamana.
Mwezi mzima wa kunde, mihogo, vitumbua vya alfajiri:
gunia moja, limepita kwenye bomba la unene wa kidole gumba
bila kuichafua kanga.

Alipoondoka nilibaki na kalamu yake.
Mama yangu alizaliwa Msimbati.
Alikata kuni juu ya gesi hiyohiyo, bila kujua,
mzigo kichwani, mimi mgongoni.
Nikajaribu kuuandika mzigo ule: kilo ngapi, hatua ngapi,
nizidishe kwa nini,
nigawe kwa nani.

Kunde zikafurika, zikamwagika.
Nikapunguza moto mpaka bluu ikawa ndogo kama ukucha.
Kalamu ataifuata kesho.
Inavuja.