Futi Shingoni

Isevya, ubavuni mwa duka la mbolea,
cherehani yangu ina mwaka wa kumi na tisa.
Nimepima watu wa kila umbo:
karani wa reli, bega moja limeshuka,
mke wa mchungaji, kiuno kimehama baada ya uzazi wa nne,
mkulima wa tumbaku kutoka Urambo,
mwenye mikono mirefu kuliko subira yake.
Sijawahi kumwambia mtu,
"Nenda ukajipunguze, kitambaa nimeshakata."

Ila wanangu.
Wanangu niliwakata kwa macho.

Nyamizi alitangulia. Aliimba akiwa kibogoyo,
nikachora kigezo kwake, nikakitundika msumarini:
mtoto wa nyumba ya Kikristo ndiye huyu.
Sauti ya kwanza, magoti sakafuni, macho yamefumbwa,
shikamoo inayosikika hadi kwa jirani.
Akaja Kashindye. Nikamlazia karatasi ileile.

Kashindye husali macho wazi.

Jumapili moja nilimfinya paja mbele ya kwaya nzima,
ndani ya sare niliyoishona mwenyewe, zambarau, kola nyeupe.
Hakulia. Aliendelea kutazama juu kwenye kenchi.
Nyumbani nikamuuliza, fimbo iko mkononi:
wenzako wanaongea na Mungu, wewe unatazama nini?
"Nyuki," akasema. "Wanapita penye ufa juu ya dirisha.
Wakiingia wana unga wa njano miguuni, wakitoka hawana.
Nilikuwa namwambia Mungu kwamba nimewaona."

Ningependa kusema fimbo niliitupa.
Niliiegemeza mlangoni,
ikakaa pale mpaka mvua za kwanza.

Jumatano, darasa la akina mama,
mwinjilisti aliandika neno moja ubaoni: *impasayo*.
Njia impasayo mtoto. Nalijua tangu kipaimara.
Lakini siku hiyo nililitazama kama mshono wa fundi mwingine,
nikalifumua polepole, uzi kwa uzi.
Pale katikati kuna *m*.
Hiyo *m* ni yeye.
Mimi miaka yote nilisoma *ni*:
njia inipasayo,
mimi, mama yake, mbele ya macho ya watu.

Jioni nikamwita. Simama hapa.
Nikavua futi shingoni, nikaanza na bega.
Alibana pumzi, kama wateja wote.
Pumua, nikamwambia, siwezi kumpima mtu aliyejificha.
Mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa nusu inchi;
miaka kumi na moja namvalisha, sikujua.
Nikauliza na yale yasiyo na namba.
Akasema kwaya hapana, mama, naomba hapana.
Akafikiri.
"Ila ule ukimya kabla ya Ushirika Mtakatifu,
watu wote wakiwa wamenyamaza, hata watoto,
ule naupenda. Ungekuwa mrefu zaidi."

Sikupata la kujibu. Nikaandika daftarini:
Kashindye. Pindo pana. Bado anakua.

Sare ya zambarau nimeifumua, kitambaa kipo,
sijajua kitakuwa nini.
Na Kalunde, kitinda mimba,
yuko chini ya meza na mkasi butu,
anakikata kile kigezo cha msumarini
apate kofia ya paka.

Nimemwona.
Naendelea kushona.